Msamaha, Ekaristi na Deni la Likoni

Mwezi uliopita, nikiwafundisha dini vijana wanaojiandaa kupokea Sakramenti ya Kipaimara hapa Port Reitz, niliulizwa swali ambalo sijapata kuulizwa kwa muda wote niliofundisha, nami nimeshika chaki tangu mwaka wa 1991. Tulikuwa tumefika kwenye fundisho la Ekaristi. Nilikuwa nimekwisha kuwaeleza, kama ilivyo ada yangu, kwamba anayejua moyoni mwake kuwa ana dhambi ya mauti hapaswi kupokea kabla ya kuungama. Ndipo kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida husikiliza tu wala haneni, akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "nyanya yangu huja kanisani kila Jumapili lakini hapokei, kwa sababu anasema kuna mtu hajamsamehe. Na mtu mwenyewe ninamwona akipokea. Sasa mwenye dhambi ni yupi?"

Darasa lilinyamaza. Nikamjibu kwamba jambo hilo tutalizungumza wiki ijayo. Walimu wenzangu wanaijua maana ya jibu kama hilo. Ni njia ya heshima ya mwalimu kutoroka. Lakini kilichonitorosha mimi hakikuwa ugumu wa swali. Nyanya ya kijana yule namfahamu, na aliyemwambia asipokee namfahamu vilevile. Ni mimi.

Wanafunzi wanaosoma safu hii hawakuwa wamezaliwa mwaka wa 1997, basi ni vyema nianzie huko. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huo, miezi michache kabla ya Uchaguzi Mkuu, kundi la watu wenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni pamoja na kile kidogo cha feri. Polisi sita waliuawa na bunduki zikaporwa. Kisha ikawa zamu ya raia waliotoka bara: nyumba zao, vibanda vyao na maisha yao. Katika majuma yaliyofuata, watu zaidi ya 100 walipoteza roho zao katika sehemu hizo za pwani ya kusini, na wengine wapatao 100,000 wakayahama makazi yao. Kanisa Katoliki la Likoni liligeuka kambi ya maelfu ya waliokimbia. Sisi tuliokuwa ng'ambo hii, ambao tukisimama ufukoni mwa Port Reitz tunaiona Mtongwe mbele yetu, tulitazama maji hayo membamba tukihesabu jamaa na marafiki ambao hawajavuka.

Miongoni mwa waliovuka alikuwa mama huyo, na watoto watatu. Alikuwa na nyumba huko Likoni, vyumba sita, vinne kati ya hivyo akivipangisha. Haikuchomwa. Waliimba dirisha na milango tu, na mapipa ya maji. Majuma machache baadaye, akiwa bado analala sakafuni kwa binamu yake, alijiwa na mtu aliyemfahamu vizuri, Mkristo mwenzake, tena wa bara kama yeye. Alikuja na pesa taslimu mfukoni. Akamweleza kwa upole kwamba Likoni hakurudiki, kwamba kiwanja kile hakitauzika tena milele, na kwamba yeye anajitolea kukinunua ili amwokoe. Bei aliyoitaja isingetosha kununua hata mabati ya paa lile. Mama aliuza. Mwaka mmoja baadaye Likoni ilitulia, na nyumba ile ikaanza kumzalia mnunuzi kodi ya kila mwezi.

Yapo mambo ya kutisha zaidi yaliyotendeka mwaka ule, nami sitaki kuyafananisha. Lakini nimechagua hili kwa makusudi. Aliyeshika panga hatujui alipo. Aliyeshika kalamu tunasimama naye kwenye foleni moja ya komunyo.

Wakati wa Kwaresima ya mwaka wa 1998 mama alinijia. Nilikuwa katekista kijana, mwenye majibu mengi kuliko umri wangu. Akaniuliza afanyeje, maana kila anapomwona ndugu yule akielekea altareni moyo wake huwaka moto. Nikampa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nikamwongezea kwamba Mkristo husamehe na kusahau, kwamba asiyesahau hajasamehe, na asiyesamehe asiisogelee meza ya Bwana. Akaitikia kwa adabu, "Haya, mwalimu." Tangu siku hiyo hajapokea.

Nataka nieleze nilipokosea, kwa kuwa ninaamini makosa yale yale yangali yanafundishwa, na wanaofundishwa ni hawa hawa vijana wetu.

Kwanza ni hilo la kusahau. Hakuna mahali Kanisa Katoliki linapomdai mtu asahau. Katekisimu iliyotangazwa mwaka wa 1992, inapolifafanua lile ombi la Baba Yetu linalohusu msamaha, inakiri waziwazi kwamba si katika uwezo wetu kutolihisi kosa tulilotendewa wala kulisahau. Linalotakiwa ni la nia: kutomtakia mkosaji mabaya, kumwombea, kuwa tayari kumpokea akija. Moyo unaoumia si moyo usiosamehe. Kidonda kinaweza kuuma siku moja na mwenye nacho akiwa amekwisha kumsamehe aliyemjeruhi, kama vile mguu uliovunjika huuma msimu wa mvua hata baada ya kuungwa. Mama yule alikuja kuniuliza kuhusu maumivu, nami nikamjibu kuhusu dhambi.

Na methali yetu je? Naam, ni nzuri, nami sina ugomvi na wahenga. Ila tuangalie ni nani huitumia. Sijapata kumsikia aliyenyang'anywa akiitamka mbele ya aliyemnyang'anya. Huitamka aliyekula, au mpita njia kama mimi ambaye hakupoteza hata kijiko. Neno ndwele maana yake ni ugonjwa, na yapo yaliyopita ambayo ni ndwele kwelikweli: yamelala ndani ya mtu, yanamla.

Kosa la pili linahusu Ekaristi yenyewe, na hapa naomba walimu wa dini wanivumilie, kwa kuwa wanafunzi huchanganyikiwa sana. Kijana akiuliza kama Ekaristi inaondoa dhambi, jibu la haraka haraka huwa la kupotosha, liwe ndiyo au siyo. Katika karamu ile ya mwisho, kama anavyosimulia Mathayo katika sura ya 26, Kristo aliitaja damu yake kuwa inamwagika kwa ajili ya ondoleo la dhambi. Kwa hiyo Ekaristi haiwezi kutenganishwa na msamaha. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka wa 1551 kwamba sakramenti hii ni dawa: hututakasa na makosa madogo ya kila siku na kutukinga na dhambi za mauti. Lakini dhambi ya mauti ina mlango wake, nao ni Kitubio. Ndiyo sababu Mtakatifu Paulo aliwaonya Wakorintho wajihoji kabla ya kuula mkate ule, na ndiyo sababu Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983 inamtaka mwenye dhambi nzito aungame kwanza, isipokuwa pale penye sababu kubwa na hapana nafasi ya kuungama. Hapo atafanya majuto kamili akiwa na nia ya kuungama mapema iwezekanavyo.

Sasa, ni dhambi gani ya mauti niliyoiona kwa mama yule? Alikuwa hajaapa kulipa kisasi. Hakumroga mtu. Alikuwa na uchungu, na aliuleta uchungu huo kwa katekista akitafuta msaada. Mtu anayeomba afundishwe kusamehe amekwisha kuianza safari. Kwa karne nyingi waumini waliiogopa komunyo hivi hivi, hata Mtaguso wa Laterano wa mwaka wa 1215 ukalazimika kuwaamuru wapokee walau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka. Papa Pius wa Kumi aliivunja hofu hiyo mwaka wa 1905 alipotangaza kwamba mwenye neema ya utakaso na nia njema asizuiliwe kupokea mara kwa mara, hata kila siku. Na Papa Fransisko aliandika mwaka wa 2013 kwamba Ekaristi si tuzo la waliokamilika bali ni dawa na chakula cha walio dhaifu. Mimi nilimnyima mgonjwa dawa kwa sababu ni mgonjwa.

Lakini kosa linaloniuma zaidi ni la kusoma. Mimi ni mwalimu wa lugha, na nilisoma vibaya sentensi moja ambayo kila Mkatoliki anaijua. Katika sura ya tano ya Injili ya Mathayo, Yesu anamzungumzia mtu aliyeleta sadaka yake altareni, akakumbuka habari ya ndugu yake. Anaambiwa aiache pale pale, aende wapatane kwanza, ndipo arudi. Waulizeni wanafunzi wenu: ni nani anayeambiwa aondoke? Wengi watajibu, kama nilivyojibu mimi, kwamba ni yule mwenye kinyongo. Sivyo. Tazameni sarufi. Anayeondoka ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Aliyekosa ndiye anayetakiwa kutoka kwenye foleni, avuke kivuko, abishe hodi. Injili ya Marko, katika sura ya 11, inamtaka pia aliyekosewa asamehe anaposimama kusali, na wajibu huo haufutiki. Lakini hata hapo hakuambiwa aondoke. Aliambiwa asamehe akiwa pale pale alipo. Mimi nilimtoa mezani mdai, nikamwacha mdaiwa aendelee kula.

Sitaki kumhukumu mzee yule. Sijui ameungama nini, na padri anayejua hawezi kusema. Huenda hata hajawahi kuliona jambo lenyewe kuwa ni dhambi, maana alilipa pesa na akaandikiwa karatasi. Mbele ya mwanasheria hana hatia. Ila mafundisho ya Kanisa hayaishii kwenye karatasi. Katika maelezo ya amri ya saba, Katekisimu inahesabu miongoni mwa makosa kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzako, na kuiteremsha bei ya nyumba ya mtu anayekimbia panga ni mtoto wa mama yule yule. Tena, katika Kitubio kuna sehemu ambayo huwa tunaipita kwa haraka darasani. Tunakaza majuto, tunakaza maungamo, tukifika kwenye malipizi tunataja Salamu Maria tatu na kengele inalia. Ilhali Katekisimu inasema wazi kwamba anayemdhuru jirani yake lazima afanye liwezekanalo kurekebisha madhara: arudishe alichoiba, aisafishe sifa aliyoichafua, amfidie aliyemuumiza. Ondoleo huiondoa dhambi, lakini haliyaponyi yote yaliyoharibiwa na dhambi hiyo. Jirani yangu Mwislamu, mwalimu mstaafu, nilipomsimulia habari hii alinitazama kwa mshangao kidogo. Kwao, akaniambia, toba inayohusu haki ya mja haikamiliki hadi haki hiyo irudi kwa mwenyewe au mwenyewe aisamehe. Alidhani sisi pia tunalijua hilo.

Tunalijua. Kanisa la mwanzo lililijua: Didake, kitabu kidogo cha mafundisho kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kikristo nje ya Biblia, kinaagiza kwamba mwenye ugomvi na mwenzake asijiunge na mkutano wa Jumapili hadi wapatane, sadaka isije ikanajisika. Mwaka wa 390, Askofu Ambrosi wa Milano alimzuia Kaisari Theodosio asishiriki sakramenti mpaka afanye toba mbele ya watu, kwa ajili ya mauaji ya Thesalonike yaliyotendwa kwa amri yake. Kaisari alikubali. Na jirani zetu wa Kongo wameliweka jambo hili ndani ya ibada: katika mpangilio wa Misa ulioidhinishwa mwaka wa 1988 kwa ajili ya majimbo ya nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, waumini huungama makosa yao baada ya mahubiri na Nasadiki, kisha hutakiana amani, ndipo sadaka zinapopelekwa altareni. Neno la Mathayo limewekwa kwa mfuatano wake. Hapa kwetu tunatakiana amani karibu na komunyo, na mara nyingi tunamshika mkono aliye karibu, ambaye kwa bahati nzuri hatudaiani.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, unatoka Rwanda, ambako swali la kijana wangu liliulizwa kwa damu nyingi mno. Padri Ubald Rugirangoga aliwapoteza zaidi ya jamaa 80 katika mauaji ya halaiki ya mwaka wa 1994, mama yake mzazi akiwa mmoja wao. Alimsamehe mtu aliyehusika na kifo cha mama yake, akawasomesha watoto wa mtu huyo. Hayo yanajulikana na yanasimuliwa sana. Kisichosimuliwa sana ni alichokifanya katika parokia ya Mushaka, kusini magharibi mwa nchi hiyo. Wafungwa wa mauaji yale walipoanza kurudi nyumbani, walitaka kupokea Ekaristi kama zamani. Wengine walikuwa wamemaliza vifungo vyao na kuungama kwa padri gerezani. Lakini ingekuwaje mjane amwone aliyemuua mumewe akirudi kutoka altareni akiwa amefumba mikono? Padri Ubald hakumwambia mjane asahau. Aliwaambia waliotenda wasubiri. Waliwekwa katika mafundisho ya miezi kadhaa, wakatakiwa kwenda kwa waliowakosea kuwaomba radhi, na siku ya kurudishwa kwenye sakramenti ilifanyika hadharani, waathiriwa wenyewe wakiwapo na kuwasindikiza. Padri huyo alifariki Januari 2021. Mushaka ilionyesha kwamba foleni ya komunyo inaweza kupangwa upya bila kumfukuza mtu yeyote moja kwa moja.

Nchi yetu nayo ilijaribu, kwa namna yake. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka wa 1998 kuchunguza machafuko hayo ya kikabila, Likoni ikiwamo. Ripoti ikakabidhiwa Rais mwaka wa 1999 na ikakaa kabatini hadi Oktoba 2002. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikatoa yake Mei 2013. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta akasimama Bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali zote zilizopita, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa. Kwa lugha ya katekisimu, tuliungama. Kuhusu malipizi, waulizeni waliolala sakafuni mwa kanisa la Likoni. Kila mwaka wa uchaguzi unapokaribia tunaitwa kwenye maombi ya kitaifa, tunaambiwa tusameheane, na wanaoambiwa kwa sauti kubwa zaidi ni wale wasio na cha kuombwa msamaha. Nakumbuka kwamba ujumbe wa Papa Yohane Paulo wa Pili kwa Siku ya Amani ya mwaka wa 1997, mwaka ule ule wa Likoni, ulihusu kutoa msamaha na kupokea amani. Na humo humo alitahadharisha kwamba msamaha hauifuti fidia inayodaiwa na haki. Yeye mwenyewe alimtembelea gerezani mwaka wa 1983 mtu aliyempiga risasi, akamsamehe. Mlango wa gereza haukufunguliwa siku hiyo. Mtu yule aliendelea kutumikia kifungo chake Italia hadi mwaka wa 2000.

Wiki iliyofuata sikumjibu kijana wangu darasani. Nilikwenda kwao kwanza. Nyanya yake alikuwa akichambua mchele barazani, akanikaribisha kiti na kuniuliza hali ya nyumbani kwangu. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa nilichomwambia Kwaresima ya mwaka wa 1998. Alikaa kimya muda mrefu, vidole vikiendelea na mchele. Kisha akasema kwamba huwa anamwombea mzee yule kila usiku, tangu miaka mingi, ila hakujua kama maombi hayo yanahesabika kwa kuwa bado anaumia. Nikamwambia yanahesabika. Akaniuliza kama nina hakika mara hii. Nilistahili swali hilo.

Nilipomuuliza angependa nini kuhusu nyumba, alicheka. Nyumba ile, akasema, sasa ina ghorofa na wenyewe ni watoto wa mzee. Hawezi kuwatoa watoto wa watu nje. "Nataka aje tu, mwalimu. Akae hapo ulipokaa, aseme alijua bei yake." Jumamosi alikwenda kwa padri. Jumapili alipokea, akiwa wa mwisho kwenye foleni, na mjukuu wake alikuwa amesimama nyuma kabisa ya kanisa akitazama.

Darasani nilimjibu kijana kwamba nyanya yake hakuwa na kosa, aliyekuwa na kosa ni mwalimu wake. Na kuhusu mtu yule mwingine, si kazi yangu wala yake kumpima, ila ni kazi yangu kwenda kumkumbusha. Nimejaribu. Nilimsubiri mlangoni baada ya Misa, nikamsalimu na kumwomba tupate nafasi ya kuzungumza kuhusu habari ya zamani ya Likoni. Aliniambia ana wageni. Jumapili iliyopita aliketi upande wa pili wa kanisa, na wakati wa komunyo nilimwona akiinuka, akatoka mpaka katikati ya njia, akasimama kidogo, kisha akarudi kuketi. Kesho jioni nitakwenda kwake.